Peugeot 504 Coupé kwa mtu wa Unguja: bodi kwanza, injini baadaye

Peugeot 504 haihitaji utambulisho Afrika Mashariki. Salun yake ilishinda Safari Rally mwaka 1975 ikiwa mikononi mwa Ove Andersson, na stesheni wagoni na pikapu zake zilibeba abiria, ndizi na saruji kwenye njia ambazo magari mengine yaliziogopa. Coupé, ile ya milango miwili, ni ndugu yake wa baba mmoja, mama mbalimbali. Baba ni Peugeot wa Sochaux, Ufaransa, aliyetoa injini, gia, difu, breki na usukani. Mama ni Pininfarina wa Torino, Italia, aliyelichora umbo, akaunda bodi, akaipaka rangi na kuifunga viti, ndipo ikasafirishwa Sochaux kuwekwa mitambo.

Ukishaijua nasaba hiyo, ukaguzi unajipanga wenyewe. Cha upande wa baba kinapatikana. 504 za kila aina zilipita milioni 3, Kenya na Nigeria ziliendelea kuziunganisha hadi miaka ya 2000, na anayejua kuuliza bado anapata spea Mombasa na Nairobi. Cha upande wa mama ni cha Coupé na Cabriolet peke yake, ambazo zote mbili kwa pamoja ni kama 30,000 hivi tangu 1969 hadi 1983. Na hicho cha mama ndicho hewa yetu ya pwani inachokila kwanza. Anayekwenda kuliangalia gari hili akaanza kwa kufungua boneti na kuomba liwashwe, anakagua upande usio na shida. Nyumba njema si mlango.

(Wanaolicheka jina wana haki. Coupé hutamkwa kupe, na kupe kwetu ni mdudu mnyonya damu, na bodi iliyooza ikishaganda kwenye mfuko wa mtu haibanduki kirahisi.)

Ipi ya kutafuta

Zilianza na silinda nne za 1796 cc, muda si mrefu zikapanda hadi 1971 cc, na mwaka 1974 ikaja V6 ya 2664 cc. Za mwanzo utazijua kwa taa nne za mbele, mbili kila upande, na taa za nyuma zenye michirizi mitatu iliyolala kama kucha za paka. Baadaye mbele kukawa na taa moja pana kila upande, na nyuma taa ya kipande kimoja. Mwishoni yakaja mabampa makubwa ya rangi ya gari.

Zile za mwanzo ndizo nzuri zaidi kwa sura, na hapo sibishani na mtu. Lakini taa zake za nyuma ni adimu kuliko injini nzima. V6 ndiyo iliyompa Jean-Pierre Nicolas ushindi wa Safari mwaka 1978, na jina hilo linauza. Kwa kisiwa hiki, hata hivyo, ningechukua ya silinda nne ya 1971 cc iliyokufa injini ikiwa na bodi kavu, nikaiacha V6 inayonguruma vizuri juu ya vizingiti (maboksi ya bati chini ya milango) vya puti, ile dawa ya kuzibia mashimo ya bodi. Sababu zinakuja.

Bodi

Chumvi ya kawaida huanza kuvuta maji kutoka hewani na kuyeyuka yenyewe unyevu ukifika asilimia 75 hivi. Hapa kwetu usiku mwingi wa mwaka unapita hapo. Maana yake bati lililoingiwa na chumvi ndani ya kizingiti au mlango halikauki, hata kama mvua haijanyesha mwezi mzima. Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji ni gari limelala wapi miaka yote hiyo. Lililokaa Dodoma au Nairobi bila kuwaka miaka 20 lina thamani kuliko linalotembea kila siku likilala karibu na bahari, Mji Mkongwe au Mtoni. Bara jua litakuwa limepasua dashibodi na kukausha raba, lakini hayo yana dawa.

Nenda na sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa, bisibisi butu, tochi, jeki, stendi mbili, na ndoo ya maji. Nenda asubuhi, gari likiwa baridi, na omba lisioshwe kabla hujafika.

Anza na milango. Milango ya Coupé ni mirefu na mizito, na kazi yote ya kuzuia gari lisipinde katikati iko kwenye vizingiti, kwa sababu nguzo ya katikati ya kusaidia haipo. Mlango ukiwa umefungwa na gari likiwa chini, tazama nafasi kati yake na nguzo ya nyuma, upime kwa kidole, ndipo uufungue. Kisha piga jeki nyuma, inua gurudumu mpaka liache ardhi, na ufunge mlango taratibu. Ukigonga kufuli au kukwaruza, au nafasi ya juu ikibana na ya chini ikapanuka, vizingiti vimekwisha hata kama rangi inang'aa. Mafundi wengi husahihisha kasoro hiyo kwa kurekebisha bawaba, jambo linaloficha ugonjwa kwa miezi michache. Bawaba zenye skrubu zilizokwanguka rangi wakati mlango mzima una rangi safi zinakuambia kilichofanyika.

Pitisha sumaku kwenye theluthi ya chini ya kila kitu: vizingiti, chini ya milango, madigadi ya mbele nyuma ya tairi, na duara la matao ya nyuma. Isiposhika, chini yake kuna puti au faiba. Puti nyembamba ya milimita 2 si kosa, gari la umri huu lisilo na puti kabisa halipo. Shida ni puti nene, kwa sababu puti ya poliesta hunywa maji kama sponji na kuyashikilia juu ya bati.

Halafu ingia chini. Ukishamaliza jeki, weka stendi, usimwamini mtu wala jeki. Bonyeza kwa bisibisi sehemu nne: mahali pa kuwekea jeki, mwungano wa sakafu na kizingiti kwa ndani, bati linaloshika krosmemba ya nyuma (boriti inayokatiza chini ya gari) inayobeba difu na mikono ya magurudumu, na kona za sakafu ya mbele chini ya miguu ya dereva na abiria. Hapo kwenye krosmemba ndipo hukumu inapotolewa. Sakafu iliyotoboka inakatwa na kuwekwa nyingine kwa siku mbili. Bati la krosmemba likiwa limeoza, jiometri ya nyuma yote inapotea, gari litakwenda upande kama kaa, na kulirudisha kunahitaji vipimo kutoka gari jingine zima, ambalo Unguja hutalipata. Sehemu hiyo ikiingia bisibisi, shukuru kwa chai uondoke.

Fungua boneti sasa, lakini si kwa injini. Tazama vibakuli vya juu vinavyoshika shokapu za mbele. Uzito wa mbele wote unaning'inia hapo. Angalia kutoka juu na kutoka ndani ya tao la tairi. Bati likiwa na malengelenge kuzunguka boliti, au likiwa na kiraka cha duara kilichochomelewa juu ya bati la zamani, liko hatarini. Kibao cha betri nacho huliwa na asidi, na asidi huteremka hadi kwenye bati la pembeni.

Mwaga ndoo ya maji polepole juu ya kioo cha mbele, kisha juu ya kioo cha nyuma, huku mwenzako akiwa ndani na tochi. Maji yakiingia chini ya dashibodi, ulimi wa kioo, yaani ukingo wa bati unaokishika, umeoza, na kazi hiyo inaanza kwa kutoa kioo. Kioo cha Coupé hakifanani na cha salun. Kikipasuka wakati wa kukitoa, mradi unasimama mpaka kingine kifike kutoka Ulaya. Mwishoni inua zulia la buti utazame shimo la tairi la akiba: madimbwi ya zamani huacha mduara wa kutu kama kikombe cha kahawa kwenye meza.

Kuchomelea bila kuharibu

Makosa ya hapa yanajulikana. La kwanza ni bati la kuezekea nyumba. Bati la geji 30 lina unene wa kama milimita 0.3, bodi inataka 0.8 hadi 1, na sehemu zinazobeba uzito, kama kizingiti cha ndani na mahali pa jeki, zinataka 1.2 hadi 1.5. Zaidi ya hayo bati la nyumba lina zinki, inayochafua mshono na kutoa moshi mbaya kwa mapafu ya fundi. La pili ni kuchomelea kwa gesi kwenye bati pana. Joto linasambaa, bati linajikunja, na fundi analiziba kwa puti nene. Tafuta mwenye mashine ya MIG, ile ya umeme inayolisha waya yenyewe, awe mwepesi wa kuchoma nukta moja hapa na nyingine mbali, akiacha bati lipoe.

Kabla ya kukata kizingiti, chomelea mabomba ya mraba ya milimita 25 ndani ya gari: moja kutoka nguzo ya bawaba hadi nguzo ya kufuli kila upande, na jingine kukatiza kutoka upande hadi upande. Kata upande mmoja tu, umalize, ndipo uende wa pili. Milango iwe imefungwa kwenye bawaba zake muda wote na ijaribiwe kila baada ya mshono mrefu. Aliyevitoa vizingiti vyote viwili kwa pamoja ili amalize haraka hupata gari lililolegea kama mkeka, na milango yake haitafunga tena sawasawa.

Mahali kiwandani paliposhikwa kwa nukta, toboa matundu ya milimita 8 kwenye bati jipya kila baada ya sentimita 3 au 4, paka praima ya zinki pande zinazogusana, kisha jaza matundu kwa MIG. Acha wazi matundu ya kutolea maji yaliyokuwepo. Fundi anayeziba kila tundu ili pawe safi anatengeneza birika.

Kuna wanaopuliza oili chafu ndani ya vizingiti kuzuia kutu. Inasaidia mwaka mmoja hivi, lakini inaozesha raba, inakataa praima, na siku ya kuchomelea inawaka moto. Ikiwepo, iondolewe yote kwa degrisa kabla ya cheche ya kwanza. Dawa ya kudumu ni nta maalumu ya ndani ya bodi, inayopulizwa kwa mrija mrefu baada ya rangi kukauka.

Kutoa kutu kwa kupuliza mchanga ni kuzuri, ila si mchanga wa ufukweni. Unapigilia chumvi kwenye bati tupu kwa shinikizo, halafu unaifunika kwa rangi, na baada ya masika moja malengelenge yanatokea kila mahali. Baada ya kupuliza au kusugua, osha bati kwa maji yasiyo na chumvi, likaushe kwa hewa ya kompresa siku hiyo hiyo, na praima ya epoksi iingie kabla ya magharibi. Bati tupu likilala wazi usiku mmoja hapa linaamka na rangi ya machungwa. Mpangilio ni epoksi kwanza, puti juu yake, praima ya kujazia, kisha rangi. Puti moja kwa moja juu ya bati ndiyo desturi ya gereji nyingi, na ndiyo sababu kazi zao hazidumu. Kazi ya rangi ipangwe wakati wa kaskazi, Desemba hadi Februari. Kuanzia Machi hadi Mei masika yatakuletea ukungu mweupe juu ya rangi ya juu.

Injini ya silinda nne

Ni injini ngumu ya heshima. Bloku ni chuma, hedi ni alumini, pistoni zina kipenyo cha milimita 88 na mwendo wa milimita 81, na yote imelazwa upande kwa digrii 45. Laina zake, yaani mapipa ambamo pistoni hupanda na kushuka, zinatoka moja moja na zinagusana na maji, kwa hiyo bloku halihitaji kuchongwa kamwe: laina na pistoni mpya, ringi, beringi, umemaliza.

Udhaifu uko chini ya laina, kwenye gasketi nyembamba zinazozuia maji yasishuke kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Kabla ya kununua, gari liwe limelala usiku mzima bila kuwashwa. Legeza nati ya sampu kidogo kidogo. Maji ni mazito kuliko oili, yakiwemo yatatoka kwanza. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa kwenye kifuniko inasema habari hiyo hiyo, au inasema gasketi ya hedi imeungua. Pima kompresheni silinda zote nne. Tofauti ikizidi asilimia 10 uliza kwa nini.

Hedi ikishatolewa, kranki isizungushwe mpaka laina zibanwe kwa vyuma na boliti. Ukizungusha, laina zinanyanyuka, gasketi za chini zinakaa vibaya, na injini uliyoifungua kwa gasketi ya hedi inarudi kufunguliwa kwa maji kwenye oili. Kabla ya kufunga, pima kwa geji kwamba kila laina imetokeza juu ya uso wa bloku kwa kiasi kinachotajwa kwenye kitabu cha injini hiyo, na zote nne zilingane. Gasketi za chini zina unene tofauti kwa ajili hiyo.

Kuchemsha ndicho kinachoua hedi hizi, na mara nyingi mkosaji ni feni. 504 ina feni inayoshikwa kwa sumaku ya umeme: maji yakipata joto, swichi kwenye rejeta inaipa umeme nayo inashika puli. Kaboni yake ikilika au swichi ikifa, feni inazunguka kivivu tu kwa upepo, na foleni ya Darajani saa saba mchana inamaliza kazi. Nafasi ya sumaku inawekwa milimita 0.35 kwa skrubu tatu. Ukishindwa kupata kaboni, kaza skrubu hizo sawasawa mpaka feni ishikane na puli moja kwa moja. Utapoteza nguvu kidogo na kusikia kelele, lakini injini itapona. Na thamostati, vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, ibaki mahali pake, hata fundi akisema nchi yetu ni ya joto haihitajiki.

Maji ya kwenye rejeta yanastahili neno lake. Visima vyetu viko kwenye mawe ya matumbawe, maji yake yana chokaa, na karibu na ufuo yana chumvi pia. Maji ya mfereji mengi yanatoka huko huko. Chokaa huganda kwenye mirija ya rejeta, chumvi hula alumini ya hedi. Tumia maji ya betri, yaani yale yaliyoondolewa madini, yasiyo na asidi (sema wazi dukani, kuna waliouziwa asidi), nusu kwa nusu na kulanti ya kuzuia kutu, na ubadilishe kila miaka miwili. Rejeta ya zamani ni ya shaba, fundi wa rejeta anaifungua, anachokonoa mirija na kuilehemu, na inarudi kama mpya.

Nyingi za silinda nne zina mfumo wa Kugelfischer, pampu ya petroli inayopiga nozeli kwa nguvu ya mashine, bila kompyuta. Ikiwa nzima ni raha kuiendesha. Ikiwa imekaa na petroli iliyooza na maji, plunja zake zinaganda. Usiipeleke kwa fundi wa pampu na nozeli za dizeli akaifungua kwa kubahatisha. Inafanana kwa nje tu, na vipimo vyake vinataka meza yake ya kupimia. Pampu hiyo hupata habari ya joto kutoka maji ya injini, ndiyo maana gari lisilo na thamostati linaendelea kumwaga petroli nyingi, inayoosha oili kwenye laina na kuzimaliza ringi. Pampu ikiwa imekufa na fedha hazipo, njia ya heshima ni kuifunga kwenye boksi na kuihifadhi pamoja na injini yake, kisha kuweka injini nzima ya XN1 ya kabureta kutoka salun. Thamani ya ukusanyaji inashuka, lakini gari linatembea, na injini ya asili ipo siku ikitakiwa.

V6

Injini hii ya PRV, iliyotengenezwa na Peugeot, Renault na Volvo kwa ushirika, ilianza maisha yake ndani ya Coupé hii kabla ya kuingia Peugeot 604, Renault 30 na Volvo 264. Mlio wake usiolingana si ugonjwa: silinda zimepangwa kwa pembe ya digrii 90 na milipuko haipishani sawa. Ugonjwa ni kamshafti kulika kwa kukosa oili njia zake zikiziba tope. Fungua vifuniko vya vali na uangalie kila kilima cha kamshafti kinachosukuma vali kama kina mikwaruzo. Bloku ni alumini pia, si hedi peke yake. Hebu rudia aya ya maji ya kisima ukilijua hilo. Bloku lililokaa miaka 10 na maji ya chumvi linaliwa pale laina zinapokalia, na hapo hakuna gasketi itakayoziba. Ndiyo sababu sikushauri V6 kwa Unguja isipokuwa historia ya maji yake inajulikana.

Yanayobaki chini

Gia ya gari hili inatumia oili ya injini, 20W-40, si oili nzito ya gia. Mafundi wengi humimina namba 90 kwa mazoea, halafu gia zinakuwa ngumu asubuhi na sinkronaiza zinalaumiwa. Mwaga, weka sahihi, tembea kilomita 50, ndipo uamue kama gia ni mbovu.

Propela, ule mtaimbo unaopeleka nguvu nyuma, imefungwa ndani ya bomba linaloshikana na difu. Usidhani ya salun itaingia: salun ina mita 2.74 kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, Coupé ina 2.55. Ekseli ya pikapu nayo haihusiki, maana Coupé ina magurudumu ya nyuma yanayojitegemea kama salun. Bushi za mikono ya nyuma zikiisha gari linayumba ukiachia mafuta kwenye kona, na muuzaji atakuambia ni tairi.

Breki ni disiki nne. Pistoni za kalipa zilizoganda kwa kutu hukwaruza ukizilazimisha. Zitoe kwa shinikizo la mafuta ya breki yenyewe, badilisha sili, na pistoni yenye mashimo itupwe. Mabomba ya chuma badilisha yote bila kujadili, uweke ya aloi ya shaba na nikeli. Mafuta ya breki yananyonya unyevu, hapa yamwagwe kila mwaka. Tairi za asili ni 175 HR 14. Zile za inchi 14 za magari ya abiria zenye herufi C zinaingia, ila ni ngumu ubavuni na zinalitetemesha gari kama mkokoteni.

Umeme ni mchache na rahisi. Karibu kila hitilafu ni ethi, yaani kiungo cha kurudisha umeme kwenye bodi, iliyoota kijani. Viti na milango, mafundi wa makochi wa mjini wanaweza wakipewa kitambaa cha mfano.

Hesabu kabla ya bei

Taja kimoja kimoja mbele ya muuzaji: vioo vyote, taa za nyuma na vifuniko vyake, taa za mbele, mabampa na kona zake, vipande vya kromu vya kuzunguka madirisha, vitasa, saa za dashibodi, raba za milango na buti. Vyote hivi ni vya upande wa mama. Kila kinachokosekana kiweke bei ya Ulaya pamoja na usafiri na ushuru, ukitoe kwenye bei anayotaka. Boksi la "vitu vyake viko ndani" lifunguliwe palepale.

Nyingi za Coupé zina usukani kushoto. Usifikirie kuuhamisha, utakuwa umeua gari. Uliza mamlaka ya usajili juu ya hilo, na juu ya tozo ya uchakavu, kabla ya kulipa. Namba iliyogongwa kwenye bodi ilingane na kibati cha ndani ya boneti na kadi. Isipolingana, mradi umeishia hapo. Gari likivushwa kutoka Dar juu ya sitaha, lioshwe kwa maji yasiyo na chumvi juu na chini siku linaposhuka Malindi.

Ukigawa fedha zako mafungu 10, sita ziende bodi na rangi, mbili vipande vya mama, moja na nusu mitambo, nusu iliyobaki umeme na viti. Mwenye kuanza na injini kwa sababu ndiyo inayomfurahisha hubaki na gari linalowaka vizuri juu ya matofali.

Likishakamilika, lilaze ndani mbali na bahari, Koani au Dunga kama una jamaa huko, chini ya paa na upepo ukipita. Turubai la plastiki linafungia unyevu na ni baya kuliko kulala nje. Kila wiki mbili litembee nusu saa. Kila mwezi chukua waya mwembamba, pitisha kwenye matundu ya maji chini ya milango na vizingiti, na uangalie kinachotoka: vumbi kavu ni salama, tope jekundu maana yake nta haikufika na mrija urudi ndani.